Petro Aliyemwangusha Mwamuzi

Makole, Dodoma
9 Februari 2025

Mke wangu mpendwa, Bibi Anastazia,

Shikamoo, na mbukwa ya Kigogo juu yake. Mimi mjukuu wako Petro ni mzima. Natumaini nawe u mzima pamoja na magoti yako, mbuzi wako, na yule jogoo asiyejua saa. Karanga na mlenda ulizompa kondakta Ibrahimu nimezipata. Karanga zimefika pungufu, ila Ibrahimu anasema barabara ina mashimo.

Usishangae mwandiko huu. Barua niliyokuandikia mwezi wa kwanza kwa nukta nundu, kama tulivyofundishwa shule ya wasioona, nimesikia uliipeleka kwa mchungaji ukamwambia karatasi imeota upele. Na simu huko haishiki mpaka mtu apande kilima. Basi nimemwomba mama mwenye nyumba wangu, Mwalimu Hamida, aniandikie. Amefundisha Kiswahili miaka thelathini na nne kabla ya kustaafu. Mimi nasema, yeye anaandika, na zako zikija atanisomea. Ameweka sharti moja, kwamba haandiki uongo.

Kazi inakwenda vizuri. Hapa kiwanda cha mafuta ya alizeti nabeba magunia kutoka kwenye lori hadi kwenye mashine. Ni hatua kumi na tisa kwenda na kumi na tisa kurudi. Wenzangu hawanipati, maana wao husimama kutazama wasichana wanaopita, na mimi nakuwa nimeshageuza safari mbili.

Mdomo umenivimba kidogo. Niligonga mlango.

(Shikamoo Bibi. Ni mimi Hamida, mwandishi. Nimeandika "niligonga mlango" kwa kuwa ndivyo alivyotamka. Nyumba yangu ina milango mitatu na nimeikagua yote. Mwandishi hana la kuongeza.)

Je, shamba la marehemu baba likoje? Upande wa chini mwaka huu nilitaka tuweke karanga tupu. Msalimie baba mdogo Nathanaeli.

Mumeo,
Petro


Chilolwa
2 Machi 2025

Mume wangu Petro,

Marahaba, mbukwa. Mimi sijambo. Magoti yanalia kila yanapoona wingu, na mwaka huu mawingu yapo, kwa hiyo mvua tunaijua mapema kuliko redio. Yule mbuzi mwenye madoa amezaa mapacha. Mzee Mazengo ametengenezewa meno huko mjini, na sasa anacheka hata msibani ili yaonekane.

Mwalimu Hamida, nawe marahaba. Nakushukuru kwa kumpa huyu chumba. Usishangae kusikia naitwa mke. Kwetu bibi na mjukuu ni mke na mume kwa utani, sijaolewa tena uzeeni. Mwandiko wangu uvumilie, masista walinifikisha darasa la nne tu.

Petro, nimezaa watoto sita na kuwakuza, na wewe wa saba. Mlango ukimgonga mtu unamgonga paji la uso, au pua. Mlango unaompiga mtu mdomoni una mkono. Huo mlango wako unaitwa nani?

Huku nimewaambia watu kwamba uko ofisini. Ofisi gani sikusema, na wao kwa heshima hawakuuliza. Mama mchungaji peke yake ndiye aliyeuliza kama kuna ghorofa, nikamwambia zipo. Najua Dodoma zipo. Sikusema wewe uko ndani yake.

Shamba lipo. Shamba haliendi mahali. Nathanaeli hajambo.

Nakutumia mlenda mwingine. Karanga sitatuma mpaka mashimo ya barabara ya Ibrahimu yashibe.

Mkeo,
Anastazia


Makole, Dodoma
6 Aprili 2025

Mke wangu,

Shikamoo. Tulikula Idd kwa Mwalimu. Nililishwa pilau mpaka nikaomba msaada wa kusimama. Joto limeanza kupungua. Kiwandani alizeti mpya haijaja, kwa hiyo tunashona magunia.

Mlango unaitwa Mohamedi.

Mohamedi ni mpimaji wetu wa mizani hapa kiwandani, na jioni anafundisha mchezo wa kushikana.

(Nimemwuliza mchezo wa kushikana ni upi. Akasema ni ule wa watu wawili kushikana. Nikamwambia hata harusi ni hivyo. Neno ni mieleka, Bibi. Endelea kusoma ukiwa umekaa.)

Sawa, ni mieleka. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja nilikuwa na gunia begani na lilikuwa linavuja. Mohamedi akaja kwa nyuma kulishika bila kusema kitu, nami nikadhani ni mwizi. Nikamkamata. Anasema alihangaika kujinasua mpaka mashine ikamaliza kusaga gunia zima. Nilipomwachia alikuwa anacheka, akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia, kwa mbuzi wa bibi yangu, siku za kuwanywesha dawa. Mwenye macho akiponyokwa na mbuzi humfukuza. Mimi nikiponyokwa ndiyo basi mpaka jioni. Kwa hiyo nilijifunza kutoponyokwa.

Tangu siku hiyo nafanya mazoezi kwenye ukumbi mmoja wa Area D, juu ya magodoro ya zamani yaliyoshonewa turubai. Mdomo ulikuwa ni kiwiko chake, na aliomba radhi. Nimeshacheza pambano moja mbele za watu. Nilishindwa, mambo ya kawaida.

(Neno "kawaida" ni lake.)

Bibi, Ibrahimu ameniambia amepita upande wetu akaona trekta likiwa limesimama karibu na minyaa ya baba pale mpakani. Kijijini kwetu nani ana trekta?

Mumeo,
Petro


Chilolwa
11 Mei 2025

Petro,

Salamu nampa Mwalimu. Mwalimu, hujambo, na nyumbani hawajambo? Namshukuru Mungu.

Sasa wewe. Nimesoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Nataka uache.

Siogopi kuvunjika, mifupa yako naijua. Ulianguka kutoka juu ya mti wa msada ukaamka ukaomba uji. Naogopa kitu kingine na sijawahi kukwambia. Ulikuwa na miaka sita, miaka miwili tu tangu surua ikuchukulie macho. Tulikwenda harusini Mvumi. Vijana wakakuweka katikati ya uwanja, wakakuzungusha kama pia, wakakwambia utafute mlango. Ukawa unaupapasa ukuta, unapapasa tumbo la mpiga ngoma, unapapasa ng'ombe. Uwanja mzima ukacheka. Na wewe, mume wangu, ukacheka nao. Ulidhani ni mchezo na wewe umo. Nikakubeba mgongoni tukaondoka kabla ya chakula, ukalia njia nzima kwa sababu nimekukosesha wali. Mpaka leo hujui kwa nini tuliondoka. Sasa unajua.

Watu wazima wakimweka asiyeona katikati na wakakaa pembeni kutazama, mimi najua wanatazama nini. Rudi kwenye magunia yako. Gunia halina watazamaji.

Huku uwele umekubali. Mzee Mazengo ameanza kutafuna mifupa. Kuhusu trekta, trekta ni trekta, huwa linapita.

Samahani kwa doa hilo na mistari kupinda. Naandikia juu ya goti, mguu mmoja wa kigoda umezama kwenye tuta, na upepo wa hapa katikati ya karanga unanipokonya karatasi.

Anastazia


Makole, Dodoma
20 Julai 2025

Mke wangu,

Shikamoo. Miezi miwili imepita na najua ulikuwa unamlaumu Ibrahimu. Ibrahimu hana kosa. Nilikuwa nimenuna.

Nilitaka kwanza nikukasirikie kwa ile habari ya Mvumi. Halafu nikataka kuwakasirikia wale vijana, nikakuta sijui hata majina yao. Nikabaki na hasira isiyo na mahali pa kukaa, ikawa inanifuata kiwandani na kwenye magodoro. Mohamedi akanirudisha nyumbani siku mbili. Alisema namkaba kama mtu aliyenikosea.

Sasa nikueleze lile pambano nililosema ni la kawaida.

Ilikuwa mwezi wa pili. Mpinzani wangu kabla hatujaanza aliniambia, "Pole, kaka." Nikawa nafikiria hiyo pole, filimbi ikalia. Tukashikana. Akaponyoka. Nikabaki na mikono hewani. Alikuwa amevua viatu na anatembea kama paka. Mtu akapita karibu nami upande wa kulia, nikasikia kitambaa. Nikamdaka kiunoni, nikamnyanyua, nikamlaza chali, mabega yote mawili chini, vizuri kabisa, kama Mohamedi alivyonifundisha. Nikasubiri filimbi. Filimbi haikulia. Haikulia kwa sababu aliyekuwa na filimbi ndiye niliyekuwa nimemlalia.

Bibi, ukumbi ulicheka. Watu waligonga mabenchi. Mmoja alikuwa anaomba maji. Nilikaa pale chini nikasikia kila kicheko kikija upande wake, na nikajua sina njia ya kutoka, maana sikujua mlango uko wapi. Nikatolewa kwenye mashindano kwa kosa la kumpiga mwamuzi. Nilirudi Makole sikula siku mbili. Mwalimu alidhani ni malaria.

Siku ya tatu yule mwamuzi alikuja hapa nyumbani mwenyewe, amevaa kola ya shingo ya hospitali. Nikasimama kumwomba radhi. Akasema, "Sijaja kwa hilo. Nimekuwa mwamuzi miaka kumi na moja na sijawahi kuangushwa vizuri hivyo. Nani kakufundisha kuingia chini ya kwapa?" Akanishauri nisiache. Yeye na Mohamedi wakatafuta kwenye mtandao, wakakuta kwamba kwingine asiyeona ana kanuni yake. Wachezaji wanaanza wamegusana viganja, na wakiachana mwamuzi anasimamisha, wanagusana upya. Wakaipeleka kwa viongozi wa chama cha mkoa. Ilichukua vikao vitatu. Kwenye kikao cha tatu mmoja akauliza, "Kwa hiyo akishika haachii, nasi tunamlazimisha mwenzake ashikwe?" Ikapita kwa kura moja.

Watu wanasema nasikia kama popo. Sisikii chochote, Bibi. Nimeshika mkono wa mtu tu, na mkono wa mtu unasema anakotaka kwenda kabla hajaenda. Pale juu ya godoro ndipo mahali pekee ambapo mimi na mwenzangu tunajua sawasawa. Kila mahali pengine wenzangu wanajua zaidi. Ndiyo maana siwezi kuacha. Nimejaribu kukutii na nimeshindwa, nisamehe.

Tangu kanuni ipite nimeshinda manne. Tarehe thelathini Agosti ni fainali za ubingwa wa Kanda ya Kati, Msalato, uzito wa kilo sabini na nne. Niombee, au usiniombee, lakini ujue.

Mumeo,
Petro

(Bibi, haya ya chini ni yangu na sijamsomea. Niliposoma kwenye barua yako kwamba kigoda kimezama katikati ya karanga, nilijiuliza bibi mwenye magoti mabovu anafanya nini shambani na kigoda. Nikambana Ibrahimu stendi. Amesema Nathanaeli aling'oa minyaa ya mpaka kwa trekta, na wewe ulikaa shambani wiki tatu ukilinda karanga zisivunwe. Je, mtoto aambiwe au asiambiwe? Mimi naandika ninachoambiwa, lakini kusoma uongo kwa sauti pia kunanishinda. Hamida.)


Chilolwa
10 Agosti 2025

Mume wangu Petro,

Marahaba. Mbukwa. Mbuzi wote wapo. Karanga tumepata magunia manane, yote yamo chumbani kwangu chini ya kitanda, nalala juu yake kama kuku. Mwalimu Hamida, msomee yote, hata ninapojisema vibaya.

Nilikudanganya. Shamba halikuwa salama. Baada ya mvua baba yako mdogo aliita trekta kutoka barabarani, likafunga mnyororo kwenye minyaa aliyopanda baba yako Elieza, likaing'oa yote kutoka kwenye korongo hadi kwenye njia ya ng'ombe. Sasa shamba lako na lake vimekuwa kitu kimoja. Nilipomwuliza akasema, "Mama, kipofu atalima nini? Petro shamba halioni. Mimi nalitunza lisiwe pori."

Nikamwambia, kila mwaka mtoto huyu anapalilia kwa vidole na haachi hata jani moja la gugu, na wewe mwenye macho mawili unakata mtama ukidhani ni majani. Akacheka. Nikachukua kigoda.

Utauliza kwa nini sikukwambia. Petro, wewe nimekulea, lakini Nathanaeli nimemzaa. Nilimnyonyesha mwaka wa njaa, na kila niliposhika kalamu nikaona naandika kwamba nimezaa mwizi. Kalamu ikakataa. Nikawa naandika habari za meno ya Mzee Mazengo.

Sasa imetosha. Nimeitisha kikao cha ukoo Jumamosi tarehe kumi na tatu Septemba, na Mzee Mazengo ndiye mwenyekiti. Uje. Lakini nisikilize vizuri. Mambo yako ya kulaza watu chali yaache hukohuko Msalato. Huyo ni baba yako mdogo. Ukimtia mkono kwa ubaya, mimi nitasimama upande wake.

Kuhusu hiyo mieleka, sijaruhusu. Nimemwambia tu mchungaji akuombee Jumapili ya kabla ya fainali, na nimemwambia asitaje ni kwa kazi gani. Habari ya mwamuzi nimeisoma peke yangu jikoni. Nilicheka, Petro, ikabidi nishike mlango. Halafu nikaona kwamba nimecheka na sikukuonea aibu. Sijui ndiyo nini.

Mkeo,
Anastazia


Makole, Dodoma
3 Septemba 2025

Mke wangu,

Shikamoo. Afya njema, mwili unauma kila mahali isipokuwa masikio.

Habari ya shamba Mwalimu alinisomea taratibu, kisha akaniachia chai na kutoka nje. Nimeielewa. Sikukasirika kwa kunificha. Nakuja kwenye kikao, na mkono wa ubaya sitaunyosha, nakuahidi.

Jumamosi nimekuwa bingwa.

Nianze na ukweli kwamba lilikuwa pambano la kuchosha. Mohamedi mwenyewe anasema watu wawili walisinzia. Nilishinda la asubuhi, na mchana nikakutana na Abdulnasiri wa Singida, bingwa wa miaka miwili. Hakusema pole. Aliniambia, "Leo utanisamehe," nikampenda palepale.

Tukagusana viganja. Huyo ana mikono kama ya mtu anayesonga ugali wa msiba. Dakika ya kwanza alinirusha, nikalala ubavu, nikasikia feni ya darini na nikajiuliza kwa nini iko mbali hivyo. Pointi nne kwa sifuri, zake. Kipindi cha pili akawa anavunja mshiko makusudi ili apumue. Mwamuzi anasimamisha, tunagusana upya, anavunja tena. Mara ya tano akaonywa, nikapata pointi. Nikafahamu kuwa amechoka. Kiganja chake kilikuwa kimelowa, na kila alipotaka kuvuta, kidole gumba kilikuwa kinatangulia kukaza.

Nikangoja hicho kidole. Kilipokaza nilikuwa nimeshaingia chini ya kwapa. Nikamnyanyua, tukaanguka wote, nikalala juu ya kitu kinachopumua. Ukumbi ukanyamaza. Bibi, nilitishika. Safari ile ya mwamuzi walinyamaza kidogo, kisha wakaanza kucheka. Nikauliza, "Mwamuzi, aliye chini ni nani?" Akasema, "Siyo wewe, na siyo mimi." Filimbi ikalia.

Wakapiga kelele mpaka godoro likatetemeka. Abdulnasiri aliniinua mkono yeye mwenyewe, akanigeuza pande zote nne, ili kila upande unione.

(Mwandishi alikuwepo, kiti cha mbele. Mwandishi hakupiga kelele.)

Alipiga. Sauti imemkauka mpaka leo, barua hii naitamka mara mbili kwa sababu hawezi kuniuliza. Medali nimeivaa kulalia. Nakuja na Ibrahimu Ijumaa ya tarehe kumi na mbili.

Mumeo,
Petro


Chilolwa
21 Septemba 2025

Mume wangu Petro,

Marahaba. Umefika salama, Ibrahimu amenithibitishia. Mwalimu Hamida, pole na koo. Chemsha tangawizi.

Petro, kikaoni ulikuwepo na ulisikia kila neno, hata mimi sina la kukueleza katika maneno. Lakini kuna mambo hayakusemwa kwa mdomo, na tangu uondoke nafikiri si haki wote tuwe tumeyaona isipokuwa wewe. Nakuandikia hayo.

Hukujua kwamba kabla hujafika, tangu redio ilipotangaza jina lako, baba yako mdogo alikuwa amezunguka vilabu vyote vya pombe akisema bingwa ni mwanawe, amemlea kwa mikono hii miwili, na mieleka iko kwenye damu ya ukoo. Watu walimnunulia. Kwa hiyo alipokuja kikaoni alikuwa amevaa koti la harusi. Koti hilo lina kifungo kimoja.

Ulipoingia ukasema, "Shikamoo baba mdogo," ukamnyoshea mikono yote miwili kwa heshima, akakupa mkono wake. Akasema marahaba. Akavuta mkono. Haukuja. Wewe ulikuwa umeshakaa kwenye mkeka, unamwuliza habari za ng'ombe, za watoto, za kifua chake, kwa upole kabisa, naye amekaa nusu, nusu amesimama. Mzee Mazengo alilitazama jambo hilo kwa muda mrefu. Akanitazama mimi. Nikatazama dari. Ulikuwa umeahidi kutonyosha mkono wa ubaya, na mkono wenyewe haukuwa wa ubaya hata kidogo, ulikuwa wa salamu.

Mzee Mazengo akamwambia, "Nathanaeli, rudia mbele ya ukoo ulichomwambia mama yako." Ulisikia kimya. Nikwambie kilikuwa na nini ndani. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Aliwatazama wazee, wote wamemnunulia pombe ya bingwa. Akautazama mkono wake. Midomo ilifunguka ikasema "kipofu ata...", ikafunga. Hakuweza kuwa baba wa bingwa na mwenye shamba la bingwa kwa wakati mmoja, na nilimwona anachagua. Hapo ndipo ulipomsikia akisema alikuwa analitunza tu. Nawe ukajibu, "Asante, baba mdogo. Sasa nimeshalishika mwenyewe," ukamwachia. Aliuficha mkono mfukoni kikao kizima. Vijana walicheka, ulisikia. Hawakukutazama wewe. Walikuwa wanautazama mfuko.

Uamuzi unaujua. Minyaa irudishwe. Jumatatu alianza kuipanda mwenyewe, na mimi nilimpelekea uji, kwa sababu ni mwanangu na jua lilikuwa kali. Alikunywa mpaka kibuyu kikaisha. Kisha akaniuliza, "Mama, hivi kweli walimtangaza redioni kwa jina la ukoo?" Nikamwambia ndiyo. Akapanda sehemu iliyobaki kwa mstari ulionyooka.

Na uliposema alime yeye upande wa juu mwaka huu kwa jina lako, na upande wa chini niulime mimi, alilia kidogo. Ulidhani ni mafua.

Sasa jambo la mwisho. Jumapili asubuhi ulikwenda shambani peke yako. Ulidhani uko peke yako. Mimi nilikufuata kwa mbali, magoti yakaniruhusu. Ulivua viatu ukasimama pale katikati. Nikakutazama kama ninavyoweza kumtazama mtu asiyejua. Nikakumbuka kwamba tangu uwe na miaka minne umegombezwa, umelishwa, umeombewa, na sikumbuki mtu aliyewahi kukwambia unafananaje.

Mwalimu, hapa usiruke neno.

Wewe ni mrefu kuliko baba yako, mfupi kidogo kuliko mlango wa kanisa. Rangi yako ni ya ardhi ya hapa ikinyeshewa. Una mabega mapana na shingo fupi ya upande wa babu yako, samahani kwa hiyo shingo. Masikio ni yangu. Ukicheka shavu la kushoto hutangulia, la kulia hufuata kama limeitwa. Ulikuwa umeinua uso na jua limekupiga uso mzima, na hukulikwepa. Mama mchungaji alipita njiani na binti zake wawili, wakasimama. Nikawatazama vizuri wanatazama nini, maana mimi ni mjuzi wa jambo hilo. Binti mkubwa, Lydia, aliyekuja majuzi tu kuwatembelea wazazi wake, alimwuliza mama yake wewe ni nani. Hakuuliza una nini.

Wewe ni mzuri, Petro. Nilidhani unajua.

Mkeo,
Anastazia